Usisimame Katikati ya Barabara, Kaka

Jericho,
S.L.P. 18264,
Nairobi.
14 Julai 1983

Mpendwa kaka Thuo,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Gachanja na za mpwa wako Warigia. U hali gani huko Kitale? Mgongo umepoa? Na wifi yangu Lydiah, miguu bado inamvimba na huo ujauzito? Mwambie aiweke juu ya kiti jioni, mimi ilinisaidia. Sisi leo tu wazima, na hilo neno "leo" naliandika kwa shukrani.

Tulifurahi sana kusikia umepewa lori la kubeba unga. Gachanja alisoma barua yako kwa sauti hadi jirani yetu Mama Aoko akagonga ukuta kuuliza kuna harusi gani. Hongera, kaka.

Sasa nikueleze yaliyotupata. Warigia alishikwa na kichomi. Nilimpeleka kliniki ya hapa mtaani nikidhani ni homa tu, lakini sista alipomsikiliza kifua alikimbilia simu. Pale hawana hewa ya mtungi, basi ambulensi ikaja kutupeleka hospitali kubwa. Mtoto alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, midomo imegeuka rangi ya majivu.

Barabara ya Jogoo asubuhi unaijua. Dereva wetu, Bwana Wasike, alipiga king'ora na magari yakatii, lakini yalitii vibaya. Si unajua tulivyozoea hapa, king'ora kikilia ni msafara wa wakubwa, na ukichelewa kusimama askari atakuonyesha. Basi moja mbele yetu likasimama papo hapo katikati, injini ikazimwa. Lori la pembeni nalo likasimama. Abiria wengine walivua kofia, kaka! Sisi tukafungiwa nyuma yao, na kadiri king'ora kilivyolia ndivyo walivyozidi kutulia.

Niliweka sikio kwenye kifua cha Warigia, maana kwa zile kelele sikujua kama bado anapumua.

Kondakta wa basi ndiye aliyechungulia nyuma. Akaruka chini, akapiga ubavu wa basi kwa kiganja: "Dereva, washa! Hakuna mkubwa hapa, ni mtoto wa watu! Kushoto, kushoto, panda hata majani!"

Tulipowapita, dereva wa basi alitoa kichwa dirishani, jasho linamtoka. "Mama, nisamehe, nilidhani ni wenyewe!"

"Mwenyewe ndiye huyu, mzee," Wasike akamjibu, "ana miaka miwili!"

Sikumkasirikia yule dereva. Mtu akishapigwa kofi na askari, mguu wake hukimbilia breki bila kumwuliza.

Warigia alipewa hewa. Daktari alisema, "Mngechelewa kidogo tu," kisha akainama tena kumsikiliza kifua. Tulirudi nyumbani juzi. Sasa anakula uji na kunitupia kijiko.

Wasike alipokuja kumwona wodini nilimwuliza dereva kama wewe afanyeje. Alisema ukisikia king'ora usishtuke. Tazama kioo ujue kinatoka wapi, washa taa ya kushoto, punguza mwendo, sogea pembeni kabisa ndipo usimame. Kama uko kwenye mzunguko wa raundabauti, toka kwanza. Ambulensi ikishapita usiifuate mkiani ili upate njia, na ngoja kidogo kwa sababu huenda kuna nyingine nyuma.

Lori lako ni zito, Thuo, na likiwa na mzigo halisimami haraka, kwa hiyo anza kusogea mapema. Waambie na madereva wenzako hapo kazini. Wakikucheka, waache wacheke. Huyo mama utakayempisha hutamjua, na yeye hataangalia lori lako ni la rangi gani, atakuwa amemwinamia mtoto wake. Mpishe tu.

Nisalimie Lydiah sana, na Mama ukienda kumwona. Mungu akutangulie kila safari na kukurudisha mlangoni kwako.

Ni mimi dada yako akupendaye na kukuombea,
Waringa