Finali ya Siku ya Mungu

Goma, tarehe 17 Agosti 2023

Kwako mudogo wangu mupenzi Alliance,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo kambini Nakivale, Uganda, pamoja na bwana yako na mutoto mupya. Unaendelea namna gani? Ule mugongo uliokusumbua wakati wa mimba umepoa? Mimi niko, ninapumua. Goti la kushoto tu ndilo linanikumbusha kila asubuhi kwamba niliruka sana nikiwa kijana. Vita iko upande wa kwetu, kama unavyosikia kwenye redio, na watu wa Rutshuru wamejaa Kanyaruchinya mpaka kando ya barabara. Kila nikipita pale natafuta sura ya mutu wa kwetu, na mara nyingi naipata.

Picha ya mutoto imenifikia. Nimeionyesha kila mutu, hata wale wasiokujua. Amekunja uso kama wewe ukinyimwa balo ya kuchezea. Miaka yote hiyo ulimungoja, na sasa amekuja, nami sijamushika.

Uliniuliza habari za ekipi yetu ya basketi. Wasichana wa chuo bado wanacheza kwenye tereni, uwanja uleule wa saruji tulioanzia. Watatu wanatoka kwenye mahema ya Kanyaruchinya. Wanateremuka kwa miguu, wanafika na vumbi jeusi la volkano mpaka magotini, kisha wanacheza kama hawajatembea. Nilikuwa na mumoja, Munezero, anayepanga muchezo kama ulivyokuwa unaupanga wewe: kichwa juu, balo chini, hauangalii mukono wake. Mara mbili nimemuita kwa jina lako, wenzake wakacheka.

Mwezi wa saba tulifika finali. Asubuhi ya muchezo Munezero alinijia, jezi tayari mwilini, akanieleza kwamba mama yake amefika Kanyaruchinya kutoka Rutshuru, miguu imevimba, anamuuliza. Alisema ataenda kumuona baada ya matchi. Nilimuambia, "Vua jezi, enda sasa hivi." Akabisha. Nikaita motari mimi mwenyewe, nikamupandisha kwenye pikipiki, nikasimama mpaka walipopotea.

Tulishindwa kwa pointi tisa. Muzee Onésime, mukubwa wa komite, aliniuliza mbele ya wote ni kocha wa namna gani anayemufukuza muchezaji wake bora siku ya finali, na huku mama huyo amekwisha kufika, hakuwa anaenda popote. Wiki iliyofuata niliandika barua ya kuacha kazi. Miaka kumi na saba inatosha. Wasichana walilia, nami nililia nao, lakini sikuwaeleza sababu, kwa kuwa sababu hiyo ni wewe unayepaswa kuisikia kwanza.

Katika barua yako ulisema padri anauliza jina la ubatizo, na wanawake wa kambi wanakushauri Apolline, jina la mama. Ukaandika kwamba hapana, mutu aliyevuka mupaka bila kutuma hata neno moja kwa watoto wake hawezi kumuachia mutoto wako jina. Nilikuwa nasoma nimesimama. Nikakaa chini.

Alliance, mama alituma neno.

Unakumbuka Oktoba 2008. Wewe ulikuwa na miaka makumi mbili, mimi nilikuwa kocha tangu miaka miwili tu, na komite ilikuwa imesema wazi kwamba tukikosa kombe, ekipi itapewa mwanaume. Ijumaa, siku mbili kabla ya finali, Ntirenganya, yule dereva wa kwetu, alinikuta kwenye tereni, akanipa karatasi. Mama alikuwa ameandika kutoka Rutshuru: "Philomène, chukua mudogo wako, mukuje kesho. Vita inakaribia na muguu wangu haunibebi. Nitawangoja, kisha tuvuke pamoja kwenda Uganda. Sitaki kuvuka peke yangu."

Wewe ulikuwa mita kumi kutoka kwangu, unarusha balo na wenzako. Niliikunja karatasi, nikaitia ndani ya kiatu. Nilijiambia kwamba jumatatu si mbali, tutapanda gari la kwanza. Bila wewe tusingeshinda, na hilo nililijua vizuri kuliko nilivyojua vita.

Tulishinda kwa pointi mbili. Walikubeba mabegani siku ile ya Mungu, jumapili, na wewe ulikuwa unaniita, mimi dada yako mukubwa, ukicheka, "Yaya, angalia!" Wakati huohuo mutu aliyekuwa na redio alisema kambi ya jeshi ya Rumangabo imeanguka, barabara ya Rutshuru imefungwa. Nilikupigia makofi kama wengine.

Miezi miwili baadaye Ntirenganya aliniambia kwamba mama alikaa kando ya barabara siku nne, ameketi juu ya muzigo wake, akisimama kila gari lilipopita. Watu walimulazimisha kuondoka. Wakati ulipomufuata Uganda mwaka uliofuata ukakuta kaburi, na waliomuzika hawakumujua, nilipaswa kusema. Nilinyamaza. Uliponiambia kwa simu kwamba alituacha, nilinyamaza tena. Ulibaki huko, ukaolewa huko, na kila mwaka nilikutamani na nikaogopa kuja.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Utautambua muandiko wake, ile "l" ndefu. Mutoto mupe jina unalotaka wewe na bwana yako. Ila usimunyime lile la mama kwa kosa ambalo ni langu.

Umusalimu sana bwana yako, umubusu mutoto kwa ajili yangu. Wajomba wa Masisi wanakusalimu, bado wako salama.

Anayekuletea barua hii ni mama Béata, jirani yangu, anayemutembelea binti yake hapo kambini. Atakaa wiki mbili. Sina ekipi tena ya kunizuia. Ningependa kufika, unionyeshe alipolala mama. Kama kuandika kutakuwa kuzito, usiandike. Muambie mama Béata neno moja tu alibebe: nikuje, au nisikuje. Nitakuwa namungojea.

Ni mimi, yaya yako,

Philomène Nyiramahirwe