Maua ya Ukuta wa Kibla

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila goti la mama linanuna kila asubuhi.

Yale maua uliyochora msikitini, baba akayapaka chokaa kwa kuwa eti yanawaibia watu swala, nawe ukaondoka bila kuaga: mvua imeyafichua. Jana baba alikwenda na ndoo ayafunike tena. Unamjua, akishika neno haachi. Amerudi na chokaa yote.

"Nimeswali mbele yake," akasema, "na leo moyo wangu haukwenda sokoni hata kidogo. Kweli Mungu ni mzuri, anapenda uzuri. Lakini lile la pembeni liko nusu. Mwambie fundi wako kazi ya Mungu haiachwi hivyo."

Brashi zako ameziosha mwenyewe.

Mdogo wako anayekungoja