Kitabu cha Wageni Ulichokuwa Ukinisomea

Mpendwa Shangazi,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Mwalimu wetu wa gumbaru, anayetufundisha kusoma ukubwani, anasema barua ya jamaa huanza hivyo, nami sikutaka kumgombeza mtu mzima hata kabla hajakaa vizuri. Basi liache hapo. Huko mbele utapima mwenyewe kama linakufaa.

Nasikia Chala kuna joto na kwamba wenyeji wako wamekupa chumba chenye dirisha la kutazama migomba. Vizuri. Hapa Mghange, juu milimani, ukungu ni ule ule. Juzi nilipita kwenye lojingi yako, nikachungulia. Aliyeinunua ameweka magunia ya viazi katika vyumba vyote vinne. Nikacheka peke yangu, kwa sababu viazi havihitaji blanketi la tatu.

Unawakumbuka wale wa blanketi la tatu? Wageni kutoka Voi, walioshuka kwenye lori na mashati ya mikono mifupi, meno yakigongana kabla hata hawajapiga hodi. Unamkumbuka bwana shamba aliyekuja na mto wake wa kulalia kana kwamba yetu ina miiba? Na yule mwinjilisti aliyeombea chakula mpaka kikapoa, kisha akaomba nikakipashe moto? Wewe ulikuwa ukiwapokea mlangoni, mimi nawapelekea beseni la maji ya moto, halafu narudi jikoni kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nami nilidhani hakuna kazi bora kuliko hiyo.

Nilidhani hivyo kwa sababu ya Jumapili. Tukitoka kanisani, hata kilemba hujavua, unakaa kwenye benchi la nje, unavaa miwani, unafungua kile kitabu cheusi ambacho kila mgeni aliandika neno lake kabla ya kuondoka. "Wakesho! Kuja usikie vile wageni wamesema." Nami nafuta mikono kwenye leso, ingawa si mimi nitakayekishika. Ulinisomea kwamba supu yangu imemponya mtu mafua. Ulinisomea kwamba mke wa karani wa reli amekula kimanga changu cha muhogo na maharage sahani mbili na hana haya. Wasichana wenzangu walikuwa na redio. Mimi nilikuwa na wewe na kitabu chako.

Baba alipokufa na mimi kuletwa kwako, nilikuwa nimefika darasa la pili tu. Niliomba kurudi shule, ukanijibu kwamba katika nyumba mmoja asome na mmoja apike. Sikukulaumu. Ulikuwa mjane usiye na mtoto, nami nilikuwa mtoto nisiye na mama. Tulifaana.

Sasa mkumbuke mgeni wa chumba cha tatu. Yule mzee Mjaluo, mpishi mkuu wa hoteli ya watalii kule mbugani, aliyesema amechoshwa na joto la jiko na joto la Voi kwa pamoja. Alikaa siku nne. Siku ya pili alikuja mpaka mlango wa jiko, akasimama nje kwa heshima, mikono nyuma.

"Hii kimanga nani amepika?"

Nikamwambia ni mimi.

"Nani alikufundisha?"

Nikasema hakuna, mimi huonja tu. Akacheka, akatikisa kichwa. "Mimi nafundisha vijana mwaka mzima, na kuonja hawajui."

Siku ya kuondoka, lori la mboga likipiga honi, alinipita nikiwa na ndoo ya maji kichwani. "Binti yangu, nimeandika maneno yako kwa kitabu. Mwambie shangazi akusomee vizuri."

Jumapili ile niliingojea kama mtoto anavyongoja Krismasi. Ulivaa miwani, ukakisogeza kitabu karibu na macho. Nilidhani mwandiko ni mbaya. Kisha ukasoma: "Malazi mazuri, chakula kizuri, ila mpishi anazidisha chumvi." Nililia, Shangazi. Ukanishika bega ukasema, "Nyamaza mwanangu, chumvi ni kitu ya kurekebisha."

Nikairekebisha. Tangu siku hiyo mkono wangu unaogopa chumvi. Mume wangu Mwakio ni mtu mpole, hajawahi kulalamika; yeye hula na kopo la chumvi kando ya sahani, na watoto wanadhani ndivyo akina baba wote wanavyokula.

Mwaka uliofuata yule mzee alirudi, akalala usiku mmoja tu. Nilimwona akishuka kwenye lori nikajificha jikoni, nikakuomba umpelekee chakula wewe. Nilimchungulia kwenye ufa wa mbao. Alikuwa ameketi akiutazama mlango wa jiko, hata kijiko hajashika. Mimi nikaona anataka kunigombeza. Nawe ukaniambia, "Afadhali usitoke. Wazee kama hawa hawana subira." Nikakushukuru kwa kunilinda.

Miaka kumi na mitatu imepita. Mwaka juzi niliingia gumbaru, pale kanisani, saa nane mchana tukitoka shamba. Mwezi uliopita mwalimu akasema kila mmoja alete maandishi kutoka nyumbani. Wengine walileta Biblia, mmoja akaleta kadi ya kliniki. Mimi nilileta kitabu chako cheusi, kile ulichoniachia kwenye sanduku pamoja na sufuria. Nilikuwa nataka kujidai, nisikufiche. Tena niliuchagua kwa makusudi ukurasa wa yule mzee, maana nilikumbuka aliandika kwa kalamu nyekundu, na nilitaka kuwachekesha wenzangu kwa ile chumvi yangu ya ujana.

Nikasimama, nikaweka kidole, nikaanza. Nakuandikia hapa vile ilivyo:

"Mpishi wa hapa ana kipawa. Nina nafasi moja ya kumfundisha kazi katika jiko letu. Atakaa kwangu Voi pamoja na mke wangu na binti zangu. Kama yeye mwenyewe anataka, na shangazi yake akubali, nitumieni neno kwa lori la mboga kabla mwezi haujaisha."

Nilirudi juu, nikashuka tena na kidole. Niliitafuta chumvi, Shangazi. Haikuwapo. Nikafungua mbele, nikaona tena wino mwekundu, maneno machache: "Nilingoja. Labda binti hakutaka. Chakula bado kizuri, lakini sasa anapika kama mtu mwenye hofu." Mwalimu akanitolea kiti.

Umenisaliti. Hilo neno sikulijua kuliandika, nilimwomba mwalimu anionyeshe, na nililiandika ubao mzima.

Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia uliogopa kubaki peke yako na vyumba vinne, na kwamba wageni wasingepanda milima ile yote kwa ajili ya mapishi yako, maana ugali wako tunaujua. Hayo yote nayaelewa. Ungenificha tu barua ya mtu, ningesema ni woga. Lakini ulinitungia kosa. Uliniona nikilia kwa kosa ulilolitunga wewe, ukanifuta machozi kwa upindo wa leso yako.

Na linaloniuma kuliko yote ni hili: ungenisomea ukweli, halafu ukaniambia, "Wakesho, usiende, nakuomba," ningebaki. Wallahi ningebaki, na ningebaki nikijua mimi ni nani.

Mwakio aliteremka Voi kuniulizia habari za yule mzee. Aliambiwa alistaafu zamani, akarudi kwao magharibi, na hakuna ajuaye kijiji chake. Kwa hiyo mzee yule bado anaamini kwamba sikutaka.

Jana mchana nilipika kimanga. Nilitia chumvi kama ulimi wangu ulivyotaka. Mwakio akanyoosha mkono kuchukua kopo lake, akaonja kwanza, akalirudisha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, maana hapo ndipo nilipoipima miaka yote ile.

Sijakukataa. Nitakuletea viazi na blanketi, kwa sababu ulinilea, na hilo nalo ni kweli. Ila usiniombe nisahau.

Nimeambiwa macho yako hayaoni maandishi tena, hata kwa miwani. Kwa hiyo barua hii anakuletea binti yangu, yule tuliyempa jina lako, naye ndiye anayekusomea sasa hivi. Nimemwagiza asome kila neno. Akimaliza utamwuliza, "Ni hayo tu aliyoandika mama yako?" naye atakujibu ndiyo.

Itabidi umwamini, Shangazi. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Mimi,
mtoto wa kaka yako, mpishi wako,
Wakesho