KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA KAMATI YA KAMPENI: MGOMBEA KUTAKIWA AMKANE MCHUNGAJI WAKE

SIKU: Jumamosi, saa 7.30 mchana
MAHALI: Karakana ya Mwenyekiti. Wajumbe walikalia mbao, maana viti vyote vilikuwa vya wateja.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, seremala
2. Katibu, ambaye ndiye mama mzazi wa mgombea
3. Mwalimu Mstaafu, mjumbe, mwandishi wa hotuba
4. Fundi baiskeli, maarufu kama Spoki, mjumbe kutoka mtaa wa bondeni
5. Mgombea udiwani, muuguzi. Alifika akitoka zamu, sare bado mwilini. Inampendeza.

WASIOHUDHURIA
1. Mjomba wa mgombea. Alituma salamu kwamba ana mafua. Jana alionekana mzima.
2. Mchungaji, mshauri wa kamati. Hakuitwa, kwa kuwa kikao kilimhusu yeye.

KUMB. NA. 7/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aligonga meza kwa nyundo na kuwataka wajumbe wasikunjane mashati. Kumbukumbu za kikao cha sita zilisomwa. Mwalimu alilalamika kwamba Katibu amemsifu mgombea mara tisa katika ukurasa mmoja. Katibu alijibu kwamba amehesabu, ni mara saba. Zikathibitishwa.

KUMB. NA. 7/2: MANENO YA MCHUNGAJI
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumapili iliyopita Mchungaji alisema mimbarini kuwa watu waliohamia mtaa wa bondeni "wamekuja na wizi wao, basi warudi nao walikotoka." Mtu alirekodi, na sasa sauti hiyo imo katika kila simu ya kata. Kwa kuwa hakuna asiyejua kwamba Mchungaji ndiye aliyemlea mgombea kiimani, chama kimeleta barua: mgombea amkane kwa maandishi kabla ya saa kumi leo, la sivyo jina lake litaondolewa.

Spoki alisema ana miaka kumi na minne bondeni na hajaiba hata pampu. Alisema mkewe alipoisikia ile sauti aliacha chakula kikapoa, kisha akamuuliza, "Na wewe kesho unakwenda tena kwenye kamati yao?" Mwenyekiti alimpa pole. Spoki alisema pole haiendeshi baiskeli.

KUMB. NA. 7/3: TAMKO LA MWALIMU
Mwalimu aliwasilisha tamko alilokwisha kuliandika, kurasa mbili. Kwa utaratibu wa kamati hii, lolote litakaloambiwa wananchi husomwa kwanza kwa sauti na Katibu, kwa sababu Katibu aliishia darasa la saba. Akikwama mahali, mahali hapo panaondolewa. Utaratibu huu aliubuni Mwalimu mwenyewe.

Katibu alisoma vizuri tu ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili ulianza hivi: "Mchungaji huyo namfahamu kwa mbali." Katibu alikwama. Akarudia. Akakwama tena.

Mwalimu aliuliza, "Mama Mgombea, neno gani gumu hapo?"

Katibu alijibu, "Maneno mepesi, Mwalimu. Hayatoki tu."

Mwalimu alisema huo ni ujanja. Katibu alieleza kwamba mgombea alikuwa na miaka tisa, ana kigugumizi, watoto wenzake wakimwita Cherehani, na ni Mchungaji aliyemsimamisha kila Jumapili asome matangazo mbele ya watu, mwaka mzima, akimsubiri amalize hata kama ibada inachelewa. Leo mtoto huyo akishika kipaza sauti hata wapita njia husimama. Mwenyekiti alimwomba Katibu arudi kwenye ajenda. Katibu alisema hiyo ndiyo ajenda.

Mwalimu alisema kwa ukali kwamba deni la fadhila ni la Katibu, lakini kiti cha udiwani ni cha kata nzima, na atakayeukumbatia mkaa asilalamike nguo kuchafuka. Mwenyekiti aliamua kwamba utaratibu ni utaratibu. Sentensi iliondolewa. Mwalimu alisema ikiondolewa hiyo tamko zima halisimami, akalikunja akalitia mfukoni.

KUMB. NA. 7/4: MAELEZO YA MGOMBEA
Mgombea alisema hatasema anamfahamu Mchungaji kwa mbali, kwa sababu ni uongo. Wala hatasema Mchungaji alinukuliwa vibaya, kwa sababu huo nao ni uongo. Alisema juzi alikwenda nyumbani kwake, akamwambia uso kwa uso: "Baba, umewatukana watu ninaowafunga vidonda kila siku. Umekosea." Mchungaji hakumkaribisha kuketi.

Katibu hakuwa na habari hizo. Iliandikwa kwamba Katibu aliomba dakika mbili, akapewa.

Mwenyekiti aliuliza, basi chama kiandikiwe nini. Mgombea alisema aandike mstari mmoja: "Maneno yake nayakataa, yeye simkani." Mwalimu alisema huko ni kuvuka mto mguu mmoja ukiwa ng'ambo.

Spoki aliomba nafasi. Alimwambia mgombea, "Dada, barua ya chama hainihusu. Aliyetukanwa ni mke wangu, na yuko bombani sasa hivi na wenzake. Kawaambie wao. Hapa kwenye maranda mtu yeyote ni jasiri."

Mgombea alisimama. Mwenyekiti alituma ule mstari mmoja chamani kwa simu, na kikao kikahamia bondeni saa 8.50. Mwalimu alisema haendi. Alikwenda.

KUMB. NA. 7/5: MGOMBEA BOMBANI
Walikuwepo kina mama wapatao arobaini, na ndoo zao. Mmoja wao, mshona nguo, hakungoja salamu. Alisema, "Mchungaji wenu anasema sisi wezi, nawe umekuja kuiba kura?" Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

Mgombea alisema, "Mama, alichosema ni kibaya na ni uongo. Nimemwambia hivyo yeye, nawaambia na nyinyi. Lakini ndiye aliyenifundisha kusimama mbele za watu kama hivi, na hilo sitalificha ili mnipende."

Mshona nguo aliuliza, "Na akirudia?"

"Nitarudia na mimi."

Hakukwama hata neno moja. Katibu anaandika hili kama Katibu, si kama mama. Mke wa Spoki alisogeza ndoo yake mgombea apate pa kusimama pakavu.

KUMB. NA. 7/6: JIBU LA CHAMA
Saa 9.40 Mwenyekiti alipigiwa simu na chama. Alisikiliza, akasema "sawa" mara tatu, kisha akatangaza kwamba jina la mgombea limeondolewa.

Mgombea aliinama kidogo, akanyanyuka, akauliza kama kuna njia nyingine. Mwalimu, ambaye alikuwa amejitenga kando, alisema ipo: kugombea bila chama, kwa orodha ya wadhamini ishirini na watano wa kata hii, ikabidhiwe kabla ya Jumatatu mchana. Kisha akatoa mfukoni lile tamko lake, akaligeuza upande mweupe, akapiga mistari ishirini na mitano kwa mkono ulionyooka, na kuandika jina lake kwenye wa kwanza.

Spoki na mkewe waliandika wa pili na wa tatu. Wa nne aliandika mshona nguo. Mgombea alimshukuru.

Mshona nguo alisema, "Usinishukuru. Nimekudhamini ugombee. Kura bado naifikiria."

Hadi maji yalipokatika, mistari yote ilikuwa imejaa.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA
Mwenyekiti aliwaachilia wajumbe saa 10.25 jioni, wote wakiwa wamesimama na miguu imelowa. Alimwagiza Katibu apunguze sifa kabla ya kusaini. Katibu amezipunguza, hizi ndizo zilizobaki.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti
Sahihi: ........................ Katibu (mama yake)