Prosesa ya Saa Nane Mchana

Jumatatu, 3 Februari

Nimepangusa vumbi kwenye kompyuta, nikafungua madirisha yote, nikaanza kazi. Saa nane ikazima. Kama jana. Video ninayoihariri ya kwaya ya akina mama imekwama katikati ya wimbo wa pili. Mama Mutheu, mwenyekiti wao, amepiga simu. Uzinduzi ni Jumapili kanisani. Video isipokuwa tayari Jumamosi, kazi yao inaenda Nairobi. Kibwezi nzima itajua. Naona aibu hata kabla haijanipata.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imechoka na joto. Lazima mpya.

Jumanne, 4 Februari

Kaka yangu Musyoka, anayeuza kompyuta Nairobi, hataki mjadala. Nichukue kubwa kabisa, ya kori ishirini na nne. Kori ni kama mafundi ndani ya prosesa: wakiwa wengi, kazi inaisha mbio. Lakini mafundi hao wanatoa joto. Na majaribio yote anayonitumia yamefanywa kwenye vyumba vyenye baridi. Mimi nina paa la mabati.

Nimechukua kipimajoto cha banda la vifaranga, nikakiweka mezani. Saa nane: thelathini na sita. Vifaranga wangefurahi.

Jumatano, 5 Februari

Nimechagua ya kori kumi na sita. Inakula stima kidogo, haichemki ovyo. Ile kubwa ikishapata joto ingejipunguzia mwendo yenyewe. Faida iko wapi?

Musyoka amecheka hadi akakohoa. "Haki Kalekye, unachagua prosesa na thamomita ya kuku? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Nimekasirika. Nimemwambia aitume hivyo hivyo, na bodi ya kuichomekea, na feni kubwa.

Ijumaa, 7 Februari

Mzigo umefika na basi la asubuhi. Nimeunganisha mwenyewe. Nimewasha. Skrini nyeusi. Nimelia, sidanganyi. Nikafungua tena: memori moja haikuwa imeingia vizuri kwenye bodi. Nikaibonyeza mpaka ikalia. Picha ikaja!

Sikuanza kazi. Nilingoja saa nane makusudi. Kipimajoto: thelathini na saba. Nikabonyeza video ianze kutoka. Dakika kumi na mbili tu, video nzima imetoka, feni zinavuma tu. Nimepiga vigelegele peke yangu mpaka kuku wakatawanyika. Nimeshinda! Nimelishinda joto, nimemshinda Musyoka, nimeishinda Nairobi.

Nimemtumia picha ya kipimajoto kando ya skrini. 

Jumapili, 9 Februari

Kanisa lilijaa. Mama Mutheu alihesabu waimbaji wake kwenye video, maana kwetu mama asipojiona anahama kwaya. Wote thelathini na mmoja wamo, hata yule mfupi wa nyuma. Ameniomba nifanye na ya vijana.

Jioni Musyoka ameandika. Ana mteja Makindu, chumba cha mabati. Anauliza amchagulie prosesa ipi.

Nimemjibu: ya kori kumi na sita. Kisha nimerudisha kipimajoto bandani.