Tumbo Lipi?

Jumatatu, 2 Juni 2025 – Makambako

Limevimba tena. Asubuhi sketi ya kijani ilifunga zipu vizuri, mchana nimeifungua chini ya aproni na kuibana kwa pini. Mteja aliyekuja kusuka ananitazama tumbo, ananipa hongera. Hongera ya nini? Ya gesi! Nikasema ahsante, maana kueleza ni kazi kuliko kusuka.

Maharage nimeacha. Kabichi nimeacha. Chai ya rangi, pilipili, hata pombe ya ulanzi ya kuonja harusini. Dawa za vidonda vya tumbo nimemaliza, nikarudi, nikapewa nyingine. Sasa nakula viazi vya kuchemsha na chumvi, na bado. Hedhi ikikaribia linajaa. Ikianza siendi choo, halafu naenda – Mungu wangu. Kama wembe, na damu. Mwezi uliopita niling'ata kanga ili majirani wasinisikie.

Jumatano, 4 Juni

Sijafungua saluni. Hedhi imeanza. Kuharisha, kutapika, kulala na chupa ya maji moto. Baridi hii nayo haina huruma. Danford kapiga simu, yuko na lori njia ya Tunduma. Mume wangu ananipenda, sina shaka. Ila ushauri wake ni ule ule, ninywe maji ya vuguvugu. Nimekunywa mpaka nimekuwa pipa.

Jumamosi, 7 Juni

Konsolata amekuja kuoshwa nywele. Ni nesi, yuko likizo kwao. Nilikuwa namwosha huku nimeegemea sinki, akahisi naacha kumsugua kila mara. Akauliza taratibu, kichwa bado kina povu. Nikamweleza yote. Alikuwa amefumba macho, ikawa rahisi.

Anasema upo ugonjwa ambao nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko. Nyingine inashika hata utumbo. Hedhi ikifika nayo inavimba hapo hapo ilipo, ndiyo maana tumbo linajaa, choo kinagoma au kinakimbia. Wengi wanatibiwa vidonda miaka na miaka. Hakusema ndio huo wangu. Alisema huenda. Endometriosisi – nimemwomba arudie, nikaandika kiganjani.

Wiki ijayo madaktari bingwa wanakuja Njombe, wa akina mama naye yumo.

"Lakini dada Eveline, usiende kusema tumbo tu," akaniambia. "Watakuuliza tumbo lipi. Sema hedhi, sema na choo. Usipoyasema pamoja utarudi na dawa za vidonda."

Alipoondoka nimelia. Si kwa maumivu. Huenda kitu hiki kina jina.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste, na kwaya imeimba bila mimi. Nimekaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu zangu.

Jioni baba mkwe kapiga simu mwenyewe. Danford kamwambia naumwa na nataka kwenda kwa mabingwa. Nifikie kwake Mjimwema, hapo hapo Njombe, anasema, hospitali atanipeleka yeye, hawezi kuacha mkwe wake ahangaike peke yake. Mama mkwe hayupo, yuko Igwachanya kwa wifi Erica aliyejifungua. Angekuwepo mama ningeponea kwake.

Sina neno baya juu ya Mzee Abrahamu. Mwinjilisti mstaafu, mtu wa watu. Miaka yote hii hatuna mtoto na hajawahi kuniuliza hata kwa mafumbo. Ila ni mkwe! Mbele yake nainama nikisalimia. Nikiwa kwake, nguo zangu za ndani naanika chini ya kanga. Huyo ndiye wa kunisindikiza.

Jumatano, 11 Juni – Njombe

Najichukia leo.

Dirishani pale pa kuandikisha, baba alijibu kabla sijafungua mdomo: vidonda vya tumbo. Basi tukapelekwa kwa bingwa wa tumbo, siyo wa akina mama. Kijana, mpole. Akaniuliza kama ni sawa mzee akiwepo. Mzee amesimama hapo hapo, kofia mkononi! Nani angesema hapana? Nikasema sawa.

Daktari akauliza maumivu ni ya juu au ya chini. Baba akasema ni lote, vidonda vimenitesa sana. Daktari akanigeukia mimi. Choo kikoje? Nikatazama viatu vya baba. Amevipiga rangi kwa ajili ya safari hii.

Nikasema choo kizuri.

Choo kizuri! Nimeandikiwa vipimo, majibu kesho. Kesho ndiyo mwisho, mabingwa wote wanaondoka.

Alhamisi, 12 Juni – hospitali, kwenye benchi

Majibu yametoka: hakuna minyoo, hakuna kitu; tunangoja kuingia tena kwa daktari wa tumbo. Baba amemshukuru Mungu. Mimi nimekata tamaa, na siwezi kumwambia kwa nini.

Mlango wa daktari wa akina mama uko mkabala. Wanawake wanaingia mmoja mmoja. Nikainuka niende nikaombe tu. Baba naye akainuka, akanielekeza kwa heshima kuwa vyoo viko upande ule. Nikaenda chooni nikasimama. Ningefanyaje?

Nimemtumia Danford ujumbe, amwambie baba asiingie. Kajibu: kwa nini, mzee anakusaidia kueleza, wewe muoga wa madaktari. Nikaandika ni mambo ya kike. Haujaenda. Yuko porini huko, mtandao hakuna.

Basi nikajikaza. Macho chini, nikasema, "Baba, naomba leo niingie peke yangu."

"Usiogope kunisumbua, mama," akasema. "Sijachoka hata kidogo."

Akanivika koti lake mabegani. Linanuka moshi na sabuni. Nikashindwa kuendelea. Mtu mbaya ungemkatalia. Huyu je?

Foleni imeisha, nimebaki mimi na bibi mmoja wa Uwemba. Bibi kaingia. Narudia moyoni: hedhi, choo, damu. Hedhi, choo, damu. Baba ananiuliza kama nasali. Nimesema ndiyo.

Bibi ametoka. Nesi yuko mlangoni na faili. Ananitafuta.

"Eveline Mlowe!"

Baba ameitika.