Gari la Mjomba Azzan Limefika Juu

Limepanda, kaka! Gari lako limepanda kile kilima cha mchanga mpaka juu kabisa, juzi Ijumaa, na aliyelipandisha ni mwanangu Mazna!

Bidiya, Oman
Jumapili, 25 Novemba 2018

Mpendwa kaka yangu Azzan,

Nisamehe kuanza kwa makelele kabla ya salamu; habari imenitoka kama maziwa yanavyofurika jikoni. Asalaam alaykum, wewe na wifi yangu Raya, na wale watoto ninaowajua kwa picha tu, Nassor na Zulfa. Hamjambo huko Pemba? Mgongo wako unaendeleaje? Usipande tena mikarafuu, una watu wa kupanda. Sisi wazima. Mama naye mzima, ila macho yamepungua na magoti hayasikii amri. Kila tukitandika chakula anauliza, "Azzan kala?" Tunamwambia kala. Hapo ndipo anapotia mkono katika sinia.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nikianza tu unacheka, halafu mtandao eti umekatika. Barua haikatiki.

Maneno yako unayakumbuka. Ulikwenda huko miezi mitatu kuangalia shamba la marehemu babu, ikawa mwaka, sasa ni miaka kumi na minne. Kila Mama akikuuliza utakuja lini, jibu lako ni lile lile: "Siku gari langu litakapopanda kile kilima, mama, nitarudi." Ulijua halipandi. Sote tulijua. Wewe mwenyewe ulilijaribu misimu mitatu, likafika nusu, likakohoa, likarudi kinyumenyume. Sisi tulikuwa tunacheka. Mama hakucheka hata siku moja. Yeye alikuwa anangoja.

Kumbe na Mazna alikuwa hacheki. Mtoto huyu amesoma ufundi wa magari chuoni Ibra na ametoka wa kwanza, na wasichana darasani walikuwa wawili. Sijisifu, nasema kilichoandikwa kwenye cheti. Nimekitia kioo, kipo sebuleni. Mgeni akikaa anakiona, na asiyekiona namwonyesha. Mimi niliyeishia darasa la sita nimezaa fundi, Azzan! Alipomaliza akaniambia, "Mama, mjomba kafanya mzaha, mimi nitaufanya kweli." Akalitoa gari chini ya kibanda pale pale ulipoliacha, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Mwaka wa kwanza kila mwanamume wa hapa aligeuka mwalimu. Huyu toa injini utie kubwa, yule tia turbo. Mazna akaipata turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, katika gari lililopinduka, akaifunga, akaweka ekzosi pana ili injini ipumue, akainua bomba la hewa lisivute joto wala mchanga. Injini ikanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakavunja zizi. Kilimani likafika robo tatu, rejeta ikachemka, basi. Mundhir, mtoto wa ami yetu, ndiye aliyelivuta kwa kamba yake, na kamba hiyo akaitangaza mji mzima.

Mwanangu alilia siku moja tu. Siku ya pili nikamkuta amelala chini ya gari na chombo cha kupimia. Akasema, "Mama, nguvu ipo. Inaibiwa."

"Na nani?"

"Na mjomba."

Ni yale matairi, kaka! Yale makubwa uliyoyatia ili gari litishe kama simba. Mazna alinieleza, mikono imejaa grisi: tairi likiwa kubwa, na difu, lile giaboksi dogo linalozungusha magurudumu, imebaki na meno yake ya zamani, injini inakuwa kama mtu mfupi aliyevalishwa viatu vya jitu. Nguvu zote zinaishia kunyanyua viatu. Miaka yote hiyo tunaitukana injini ya watu, kumbe mwizi ni maringo yako! Akayatoa, akatia ya kadiri, akabadilisha meno ya difu, akaishusha na ile keria yako ya chuma ya kubebea mizigo juu ya paa, nzito kama kitanda cha harusi.

Basi juzi Ijumaa mji wote ulikuwa chini ya kilima. Mama tulimtandikia mkeka, tukamfunika shali, kahawa mkononi. Mundhir akapiga kelele, "Mazna wee, kamba ninayo! Ukifika nusu piga honi!"

"Kamfungie mbuzi wako, binamu," mwanangu akamjibu huku anapunguza upepo wa matairi, yasizame mchangani, mpaka yakalegea kama unga wa chapati. "Leo havutwi mtu."

Mimi sikuweza kutazama. Nilifumba macho nikasoma Ayatul Kursi, gari nikalifuata kwa masikio. Likapita pale linapokohoa. Likapita pale lilipochemka. Halafu sauti ikakatika ghafla, nami nikasema limekufa, mwanangu anarudi kinyumenyume mbele ya watu wote hawa. Nafumbua macho, namwona Mazna amesimama juu ya ukingo wa mchanga, mtandio unapepea. Kazima injini mwenyewe, kafika. Wanaume wakarusha kofia. Na Mundhir, hana haya, anazunguka akisema, "Dada yangu huyo! Mimi nimemfundisha!"

Mama hawezi kuona mbali hivyo. Akaniuliza, "Limefika?" Nikamwambia limefika. "Juu kabisa, au mnanipoza?" Nikamwapia. Akaweka kikombe chini, akasema, "Basi Azzan hana tena pa kujificha. Mwandikieni."

Tangu siku hiyo haulizi tena kama umekula. Anauliza, "Kashafika Unguja? Kashapanda ndege?" Amenifagiza chumba chako mara mbili. Kaka, mimi najua kumwambia umekula, hilo nimelizoea. Hili sijui nitamjibuje, na yeye hana miaka mingine kumi na minne ya kungoja.

Nami nisikufiche, nimekukumbuka. Ule mtende ulioupanda wiki ya safari yako, tende zake unazila huko kwenye makopo tunayokuletea, lakini wewe uliuacha unakufika gotini, na leo mpandaji anatia kamba kiunoni. Zamu yetu ya maji ya mfereji ikifika, bado nageuka nyuma nikidhani utanikaripia nimechelewa kufungua. Kama ni haya inayokuzuia, iache huko huko. Hakuna atakayekuuliza miaka imekwenda wapi. Nimeshawaambia wote, na Mundhir nimemwambia mara mbili.

Mazna amekataa kulipandisha tena mpaka wewe ukae kando yake na Mama nyuma, polepole, Mama na mto wake. Nyama ya shimo, ile ya kuivia chini ya ardhi siku mbili, tutaifukia Jumatano tarehe 12 Desemba. Ndugu wa Sur wanakuja, wa Maskati wanakuja, hata shangazi asiyetoka kwake anakuja.

Nisalimie wifi Raya, mwambie nimemwekea shali lake. Nisalimie Nassor na Zulfa, na majirani wote waliokutunza kwa niaba yetu. Mungu akupe njia nyepesi, angani na ardhini, wewe na hao ulio nao.

Ndimi mdogo wako nisiyejua kuacha kukupenda, ninayekutazamia wewe, mkeo na wanao, pamoja na jamaa wote, baada ya sala ya Alasiri, Ijumaa tarehe 14 Desemba,

Thureya